Dumu la Mkwe Upande wa Taa

Bomba la mtaa ule lilikuwa na mdomo mmoja tu, na mdomo huo ulifunguliwa asubuhi na kufungwa jua linapoanza kuwa kali. Ukitaka maji ulipanga foleni, na foleni yenyewe haikuwa ya watu. Ilikuwa ya madumu. Mtu aliamka gizani, akaenda kuweka dumu lake nyuma ya dumu la mwisho, akarudi zake kuchemsha chai au kuvalisha watoto. Foleni ikisogea, aliyekuwepo alilisukuma la jirani yake kwa mguu, taratibu, kama anavyosogezwa mtoto aliyelala. Dumu likiwepo, mwenyewe yupo. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyeivunja mara mbili.

Wa kuhakikisha haivunjwi alikuwa Bi Povu. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini lilikuwa limekaa bure muda mrefu kama nguo ya harusi. Alikuwa dobi. Kando ya bomba palikuwa na jukwaa la saruji, na hapo ndipo alipofulia tangu mumewe afariki, karai kulia, karai kushoto, jicho kwenye foleni. Kubeba maji hakuweza, maana goti lake la kushoto lilimgomea zamani, kwa hiyo alifua palepale maji yanapotoka. Asubuhi nyumba ya wageni iliyoko barabara kubwa ilimletea mashuka. Alifua, akaanika kwenye kamba nyuma ya jukwaa, jua likamalizia kazi, na kabla ya magharibi mashuka yalikuwa yamekunjwa na yamekwenda. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha, na ndiyo iliyomfanya asibishe hodi kwa mtu kuomba chumvi.

Mikono ikiwa kwenye povu, mdomo ulikuwa kwenye vitendawili.

"Kitendawili," angesema.

"Tega," foleni ingejibu.

"Wanangu nimewaning'iniza kwa masikio, na hakuna anayelia."

Wenyeji walijua kuwa ni nguo kwenye kamba. Walinyamaza ili mgeni ahangaike kwanza. Fundi viatu, ambaye kibanda chake kilitazamana na bomba, alikuwa akisema kwamba bibi huyu akifa malaika watakaa foleni na watategwa wote kabla hajakubali kuingia.

Basi siku moja gari la halmashauri likapita na kipaza sauti juu yake. Lilitangaza kwamba maji yanayofika mtaa ule hayatoshi kutwa nzima, na hayataongezeka mwaka huu. Bomba litafunguliwa mara moja tu kwa siku. Ama asubuhi kama ilivyo, ama jioni. Serikali haitaki kuamua peke yake. Wananchi wenyewe wachague. Mkutano ni Jumanne, saa tatu asubuhi, uwanja wa bomba, wote mnakaribishwa.

Gari likaondoka. Bi Povu akaendelea kusugua shuka moja mahali pamoja mpaka fundi viatu akamwambia atalitoboa.

Hesabu yake haikuwa ndefu. Maji yakija jioni, mashuka yatafuliwa jioni, na shuka lililofuliwa jioni halikauki kwa mwanga wa mwezi. Mwenye nyumba ya wageni alitaka mashuka yake siku hiyohiyo, na alishawahi kumwambia, kwa upole kabisa, kwamba ng'ambo ya soko kuna watu wenye mashine.

Jioni ile mkwe wake alirudi kutoka kiwanda cha nguo akiwa na nyuzi kwenye nywele kama kawaida yake. Mkwe huyu alikuwa mke wa mwanawe wa pekee, dereva wa malori, mtu wa kuonekana na kutoweka. Waliishi pamoja, mama mkwe, mkwe na mjukuu mmoja wa kike, katika chumba na sebule juu ya ngazi ndefu. Ngazi hizo ndizo zilizokuwa adui wa mkwe. Kila asubuhi alipandisha maji ya nyumba, dumu moja baada ya jingine, kisha akakimbia kiwandani kabla king'ora hakijalia na geti kufungwa. Mara mbili alikuta limefungwa. Mara ya pili msimamizi alimwambia kwamba akichelewa tena asijisumbue kugonga.

"Mama, umesikia tangazo?" mkwe aliuliza, akimpokonya mtoto kijiko.

"Nimesikia. Lililogoma ni goti, masikio bado."

"Jumanne sitakuwepo. Hakuna wa kiwandani atakayekuwepo. Mkutano wa watu wanaofanya kazi wameuweka saa ya kazi."

"Wao wakienda kuuliza watu, wanawauliza walioketi."

Mkwe akatabasamu kidogo, akakaa. "Tumezungumza wote kule. Tumekubaliana tuache madumu. Yapangwe upande wa jioni."

"Nani kawaambia dumu linachagua?"

"Linapanga foleni. Na hiyo nayo si foleni? Watasema wa asubuhi mstari huu, wa jioni mstari ule. Tena wewe ndiye uliyetufundisha kwamba dumu likiwepo mtu yupo."

Bi Povu alikuwa akikunja nguo za mtoto, na alikunja moja mara mbili.

"Wenzangu wana dada zao, wana majirani," mkwe akaendelea. "La kwangu nani ataliweka? Mimi natoka mapema, kabla hawajasema upande upi ni upi."

"Unaniomba mimi."

"Nakuomba wewe, mama. Nina nani mwingine?"

"Mimi nitasimama asubuhi. Unajua hilo."

"Najua. Sijakuomba usisimame."

"Ama kweli nimepata mkwe. Unanipa kisu nikunolee, halafu nikurudishie unichinje."

"Mkwe mwingine angempa jirani, wewe ukasikie kwa watu."

Hilo lilikuwa kweli, na Bi Povu alilijua. Akaweka nguo pembeni.

"Liache mlangoni," alisema.

Siku ya Jumanne Bi Povu alitelemka ngazi na dumu tupu la njano mkononi, limefungwa kitambaa chekundu kwenye mpini ili lijulikane. Dumu tupu halina uzito wa kumtaabisha mtu, lakini alipumzika katikati ya ngazi.

Uwanjani palikuwa pamejaa. Halmashauri ilikuwa imemleta afisa mmoja wa kiume, si mzee si kijana, shati limenyooka kiasi cha Bi Povu kulitazama kwa jicho la kazi na kuona kwamba kola imepigwa pasi kinyume. Kabla hajamaliza kujitambulisha watu walishampa jina, Bwana Maoni. Alikuwa na mabango mawili. Kwenye moja palichorwa jogoo, kwenye jingine taa. Akayachomeka ardhini, moja huku, moja kule, akaeleza kwa lugha nyepesi. Anayetaka maji asubuhi asimame nyuma ya jogoo. Anayetaka jioni asimame nyuma ya taa. Atahesabu mbele ya macho ya kila mtu, atapiga picha, atapeleka. Hakuna karatasi, hakuna siri, hakuna wizi.

Watu wakaanza kujipanga. Nyuma ya jogoo walisimama wanaoshinda mtaani. Wauza mboga, kinyozi, wazee, kina mama wenye vichanga, fundi viatu akiwa na kiatu cha mtu mkononi. Nyuma ya taa walisimama watu wachache sana, na kati ya mtu na mtu yalipangwa madumu. Ya bluu, ya njano, meupe yaliyogeuka ya kijivu, yenye vitambaa, yenye kamba, lenye mdomo uliozibwa kwa gunzi. Mstari wa madumu ulinyooka hadi kwenye kona ya kinyozi ukapinda.

Bi Povu alikwenda mpaka mwisho wa mstari wa taa, akaliweka la njano. Akalinyoosha ili mpini utazame mbele. Kisha akavuka uwanja na kusimama nyuma ya jogoo.

"Umepotea njia?" fundi viatu akamuuliza.

"Nilikuwa na salamu za mtu."

Bwana Maoni alihesabu mstari wa jogoo akimgusa kila mmoja begani kwa kalamu. Akaandika. Akaenda kwenye taa, akamgusa wa kwanza, akaruka madumu, akamgusa wa pili, akaruka madumu, na alipofika mwisho alikuwa amemaliza kabla ya watu kujua kwamba ameanza.

"Asubuhi wameshinda," alisema. "Asanteni kwa ushirikiano wenu."

Dada mmoja aliyekuwa nyuma ya taa, amebeba mtoto wa mwenzake mgongoni, akanyoosha mkono. "Na hawa hujawahesabu."

"Akina nani?"

"Hawa." Akaonyesha madumu.

Bwana Maoni alidhani ni mzaha, akacheka kwa adabu. Alipoona hakuna aliyecheka naye, akaacha.

"Ndugu zangu, mimi nahesabu watu. Plastiki sihesabu."

"Hizo si plastiki," mtu akasema. "Ni wafanyakazi wa kiwandani."

"Wako wapi?"

"Kiwandani."

"Basi hawapo."

"Wapo. Si hayo hapo madumu yao?"

Mambo yakazunguka hivyo kwa muda. Bwana Maoni hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mjinga. Alisema neno ambalo hata Bi Povu aliliona lina haki ndani yake. Alisema akihesabu madumu hapa leo, kesho mtaa wa pili watamletea mbuzi, na mtu mmoja mwenye madumu kumi atakuwa watu kumi. Upande wa jogoo walipiga makofi.

"Umesikia?" fundi viatu alimnong'oneza Bi Povu. "Tumepona. Nyamaza tu, mashuka yako yameokoka."

Bi Povu alinyamaza. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Hakuna aliyemuuliza kitu. Dumu aliombwa aliweke na alikuwa ameliweka, mbele ya watu wote, na hakuna mkwe chini ya jua ambaye angemlaumu kwa zaidi ya hapo. Alitazama kamba yake nyuma ya jukwaa, tupu, ikisubiri.

Kisha Bwana Maoni akataka kupiga picha. Alirudi nyuma, akainua simu, akaishusha.

"Tafadhali tuondoe haya madumu. Picha ionekane safi."

Hakuna aliyesogea. Akarudia, akidhani hawakusikia. Upande wa taa hawakusogea, na upande wa jogoo nao hawakusogea, japo walikuwa wameshinda na picha ilikuwa ya ushindi wao. Kinyozi alitazama kucha zake. Fundi viatu akashughulika na kile kiatu.

"Basi nitayaondoa mwenyewe," alisema Bwana Maoni, bila hasira, kama mtu aliyezoea kujifanyia mambo yake. Akaanzia mwisho wa mstari, akashika kitambaa chekundu, akaliinua dumu la njano.

"Rudisha."

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ileile iliyokuwa ikisikika juu ya makarai kila asubuhi, na waliowahi kuambiwa neno hilo walijikuta wamekaza mabega. Bi Povu alikuwa ameshavua ndala moja na kuiacha mahali aliposimama, kushika nafasi yake, na alikuwa akivuka uwanja akiwa na mguu mmoja peku.

"Mama, ni dumu tu," Bwana Maoni akasema.

"Kitendawili," Bi Povu akamwambia.

Akamtazama. Watu wakamtazama yeye. Hakuwa na pa kutokea.

"Tega," alisema.

"Anasimama foleni kutwa hachoki, akisukumwa hatukani, na bwana wake akirudi anamkuta palepale alipomwacha."

Bwana Maoni alitazama alichoshika. Akalirudisha chini, na bila kuambiwa akaugeuza mpini utazame mbele.

"Ni la nani?" aliuliza.

"La mkwe wangu."

"Na wewe mwenyewe uko wapi?"

Bi Povu akaonyesha ndala yake nyuma ya jogoo.

Bwana Maoni akaichomeka kalamu mfukoni. "Sasa mama, hapa umeshinda. Unataka nini?"

"Sitaki uhesabu madumu. Ulilosema la mbuzi ni kweli, nimelisikia. Nataka uje wenye madumu wakirudi. King'ora kinalia saa kumi na moja. Yaache madumu yashike nafasi, na sisi tuache vitu vyetu. Jioni kila mtu asimame kwenye kitu chake, uhesabu watu tu. Asiyekuja, dumu lake liruke."

"Bi Povu," fundi viatu akaita kutoka kwenye mstari, "unajua jioni watakuwa wangapi wale?"

"Nimeanza lini kutojua kuhesabu?"

Bwana Maoni alisema ana mkutano mwingine mtaa wa mbele na gari si lake. Akasogea pembeni kupiga simu, akazungumza kwa muda mrefu, mara nyingi akisema ndiyo mkuu. Akarudi na kusema atapita jioni akiwa njiani kurudi ofisini. Wengi hawakumwamini. Walimwona akipanda gari, wakasema huyo ndio kaenda. Lakini vitu waliviacha. Siku nzima uwanja ulikaa na mistari miwili isiyo na watu, huku madumu, kule ndoo, vigoda, kofia, kikapu cha mboga, kiatu cha mteja wa fundi, na ndala moja ya Bi Povu. Watoto walizunguka pembeni. Hakuna aliyepita katikati.

Siku hiyo Bi Povu alifua kama kawaida. Mashuka yalikauka vizuri, kulikuwa na upepo.

King'ora kikalia, na baada yake wakaanza kuja, kwa makundi, wengine bado wamevaa aproni za kiwanda. Kila mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye dumu lake. Mkwe alifika akihema, akaliona la kwake, akaliona lilipo, akasimama nyuma yake. Alimtafuta mama mkwe wake kwa macho. Bi Povu alikuwa ng'ambo, amesharudi kwenye ndala yake, akitazama mbele.

Bwana Maoni alikuja akiwa na vumbi hadi kwenye kola. Alihesabu jogoo, akahesabu taa, na safari hii upande wa taa ulimchukua muda. Madumu mawili yalikosa wenyewe, akayaruka, hakuna aliyebisha. Kisha akasoma. Taa ilikuwa imeshinda, na si kwa kubahatisha. Akapiga picha, madumu yakiwemo. Alipokuwa akikunja mabango alimwambia Bi Povu kwamba ataandika ofisini mikutano iwe ya jioni. Bi Povu akamwambia akifika nyumbani ageuze kola kabla ya kupiga pasi.

Fundi viatu hakuongea naye siku ile. Siku iliyofuata aliongea, kwa sababu hakuwa na mtu mwingine wa kutaniana naye.

"Umejinyonga kwa kamba yako ya kuanikia," alimwambia.

"Kamba yenyewe itakuwa na nafasi," Bi Povu akajibu, akaendelea na kazi.

Mabadiliko yalianza mwanzo wa mwezi. Mwenye nyumba ya wageni alimwita, akamkaribisha kiti, akamsikiliza. Bi Povu alimweleza kwamba atafua jioni na kuanika alfajiri, na mashuka yatarudi adhuhuri ya siku ya pili. Yule bwana alisema anaelewa kabisa, na kwamba wageni wake hawataelewa. Mashuka yakaenda ng'ambo ya soko. Kwa Bi Povu zilibaki nguo za majirani, zisizo na haraka, mashati mawili hapa, sare za shule pale. Alizifua jioni kwenye jukwaa lilelile, foleni ikimpita pembeni ikiwa na watu waliochoka na wanaocheka.

Mkwe aliyajua yote kwa mdomo wa fundi viatu, aliyemweleza kama anayemdai. Alipanda ngazi na maji, akayatua, akasimama mlangoni.

"Ulijua tutawashinda."

"Nilijua."

"Ungenyamaza tu, mama. Nisingejua. Hakuna ambaye angejua."

"Bwana Maoni alilinyanyua dumu lako," Bi Povu alisema. "Angelinyanyua la mwingine, sijui. Labda ningetazama kucha kama kinyozi. Usiniulize sana."

Mkwe hakumuuliza sana. Alimimina maji kwenye pipa, akalifunika.

Mwanzo ule wa mwezi, asubuhi ya kwanza bila bomba, Bi Povu aliamka saa yake ileile, akavaa, akafunga kilemba, kisha akakumbuka. Akakaa kitandani na kilemba chake kichwani. Chini, uwanja wa bomba ulikuwa kimya. Sebuleni alisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe, polepole, akatoka kuona ni nani.

Mkwe wake alikuwa ameketi mezani. Ameshavaa, amechana nywele, mbele yake kikombe cha chai na kipande cha mkate, na alikuwa akila bila kutazama mlango. Miaka yote waliyoishi pamoja Bi Povu hakuwahi kumwona mwanamke huyu akinywa chai ya asubuhi akiwa amekaa. Alikuwa na namna yake ya kushika kikombe, kwa mikono miwili, vidole vimefumbatana, namna ambayo mama mkwe hakuijua.

"Nikumiminie, mama?"

Bi Povu alivuta kiti. Goti lilimuuma katika kukaa, akalisubiri litulie.

"Mimina," alisema. "Weka sukari ya kutosha. Leo sina pa kukimbilia."